Kofia ya Mazoezi

Kwa Kaka yangu Kiyotaka,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na binti yetu Honoka huko Nagoya. Natumaini baridi haijaanza kukusumbua mgongo, na goti la wifi linamruhusu kupanda ngazi. Huku nasi tu wazima kwa kiasi chetu. Baba yu hai. Naliweka hilo mwanzoni kwa sababu nakujua: ukipata barua badala ya simu utaruka mistari kutafuta msiba. Hakuna msiba. Baba amelala chumba cha pili na anakoroma kama kawaida yake, kwa hiyo soma polepole, na tafadhali usinipigie kabla hujafika mwisho. Kwenye simu hunipi nafasi. Mimi nafungua mdomo, wewe umeshanijibu.

Machenza uliyotuma yamefika, tunashukuru sana. Niliyapanga matatu mbele ya picha ya marehemu Mama, Baba akayala, halafu akaniuliza kwa hasira ni nani ameyala. Nilicheka siku hiyo. Nakuandikia hili nalo ujue kwamba bado tunacheka.

Nadhani niliwahi kukugusia mradi wa halmashauri. Walituletea kijana mmoja aitwaye Asakura, wa Idara ya Ubunifu wa Mji, suti imembana, viatu vimechongoka, na yeye humwinamia kila mtu mpaka nywele zinamfunika macho. Alisema mji wetu umejaa wazee kuliko watoto, jambo ambalo hatukuhitaji kuambiwa na mtu wa suti, na kwamba tukijipanga unaweza kuwa mji wa mfano. Akaanzisha mafunzo kwenye ukumbi wa mtaa, jinsi ya kuishi na watu wenye ugonjwa wa kusahau. Wenye maduka wote wa Mtaa wa Nishiki tulikwenda. Tulifundishwa kanuni tatu: usimshtue, usimharakishe, usimvunjie heshima. Umwendee kwa mbele, si kwa nyuma. Uongee kwa sauti ya chini. Tulizikariri kama watoto wa chekechea.

Baada ya mafunzo yakaja mazoezi. Mtu anaigiza mzee aliyepotea, anazunguka mtaani amevaa kofia ya rangi ya chungwa ili asichanganywe na wapita njia. Simu za wote waliojiandikisha zinapata ujumbe. Ukimwona unamsogelea, unazungumza naye kama tulivyofundishwa, kisha unabonyeza kwenye simu kwamba umemsemesha, na unapata alama za kununulia vitu madukani. Mama Sonoda wa duka la mboga, unamjua mdomo wake, alisimama akasema kwamba tangu azaliwe anasalimia watu bure, na leo halmashauri imeamua kumlipa kwa figili alizouza mwenyewe. Ukumbi ulivunjika mbavu.

Basi katikati ya kicheko hicho Baba akanyanyua mkono. Akasema yeye ataigiza. Alisema ameendesha basi katika mji huu tangu nywele zikiwa nyeusi, na kama kuna mtu anayejua namna ya kupotea ndani yake, ni yeye. Watu wakapiga makofi. Asakura akainama nusura paji la uso liguse meza.

Waliojua ugonjwa wa Baba tulikuwa watatu tu, wewe, mimi na daktari. Hujasahau yale tuliyoongea jikoni mwezi wa nane, ulipokuja kwa siku za kuwakumbuka wafu. Ulisema funika kombe mwanaharamu apite, mpaka harusi ya Honoka mwezi wa nne ipite salama. Ulisema wazazi wa kijana anayemwoa ni watu wa kuchunguza, wameshauliza kuhusu magonjwa ya ukoo, na nisije nikamwaga mtama kwenye kuku wengi. Baba mwenyewe tulimwambia ni uzee tu, na vidonge tukamwambia ni vya presha. Sikulaumu, maana nilikubali. Nampenda Honoka, na hata mimi sikutaka kupita sokoni watu wakininong'onea.

Nilijaribu kumshawishi Baba aache. Nikamwambia mvua, nikamwambia miguu. Akanijibu kwamba mvua haijawahi kumzuia kufika kituoni, itamzuiaje leo kupotea? Kumkataza mbele ya watu kungenilazimu nitoe sababu, na sababu ulikuwa umeifungia jikoni. Nikajifariji kwamba siku nzima atakuwa na macho ya mtaa mzima juu yake. Nikajiambia hakuna siku atakayolindwa vizuri kuliko hiyo.

Siku ya mazoezi nilimfunga vifungo vya koti la kijivu, Asakura akamvisha kofia kwa mikono miwili. Njia ilikuwa fupi: Mtaa wa Nishiki, hekaluni, posta, kisha kurudi ukumbini. Mimi nilibaki kwenye duka letu la udobi napiga pasi sare za shule, simu iko kaunta. Ilikuwa inalia kila mara mtu anapomsemesha, na kila ilipolia moyo ulitulia. Duka la miwani wamemsemesha. Kinyozi amemsemesha. Mama Sonoda amemsemesha. Nikawa naimba huku napiga pasi, Kaka, amini usiamini.

Baadaye simu ikanyamaza. Nikadhani ni mvuke wa pasi umenifanya nisisikie. Saa tisa mazoezi yalipofungwa nilikwenda ukumbini kumchukua. Mwigizaji wa pili, mwalimu mmoja mstaafu, alikuwa amesharudi na anakunywa chai. Baba hakuwepo. Asakura hakuwa na wasiwasi wowote, alicheka akasema bila shaka Mzee Genjiro amekaribishwa mahali, kwa sababu katika waigizaji wote wa mradi hajaona kama yeye.

Nilikwenda kwa Mama Sonoda. Alinipokea kwa kicheko, anajifuta machozi kwa aproni. Aliniambia Baba alifika pale, akasimama mbele ya kabichi, akamuuliza nyumbani kwake ni wapi. Akasema lazima awahi kwa sababu mke wake ameshapakua wali na supu inapoa. Mama Sonoda, aliyekaa mstari wa mbele kwenye mazishi ya Mama, alisikia mwili ukimsisimka. Akamwambia, "Jamani Dereva, hilo basi limekupotezea kipaji! Ungekuwa jukwaani wewe!" Baba naye akacheka, akamwinamia, akaelekea upande wa mtoni. Mama Sonoda akabonyeza simu yake, akapata alama.

Kinyozi naye alinieleza vilevile. Baba alimuuliza basi la kwenda kwao linapita saa ngapi, na wateja wote wakampigia makofi na mataulo yao shingoni. Mwenye duka la miwani alisema Baba alimshika mkono kwa nguvu akamwambia haoni njia, naye akamjibu kwa sauti ya chini, kwa mbele, bila kumharakisha, kisha akamtakia safari njema. Kila mmoja alifuata mafunzo neno kwa neno. Wote walimwona, wote walimsemesha, na wote wakamwacha aende, kwa sababu ya ile kofia.

Katika mtaa mzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba Baba haigizi.

Hapa nataka usome kwa utulivu. Nilirudi kwa Asakura nikamwambia nina wasiwasi. Sasa na yeye akabadilika uso. Akasema atatangaza kwenye vipaza sauti vya mji, lakini lazima familia ikubali jina litajwe, na kama kuna ugonjwa usemwe, ili watu wajue namna ya kumwendea. Akaniuliza kama kuna ugonjwa. Akilini nilimwona Honoka amevaa nguo nyeupe. Nikakuona wewe umesimama jikoni umekunja mikono. Nikamwambia Asakura kwamba Baba ni mzima, ni mtani tu, tusubiri kidogo.

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe, Kaka, na baba yetu yuko nje.

Nikapanda baiskeli. Nilikwenda hekaluni, nikaenda kaburini kwa Mama, nikaenda kituo cha zamani cha mabasi ambacho siku hizi ni maegesho. Njiani watu walinipungia mikono wananiambia baba yangu ni kiboko, amewaliza. Nikawa nawaitikia kwa tabasamu. Mvua ikaanza. Saa kumi na moja ule wimbo wa jioni ukapigwa kwenye vipaza sauti, watoto wakakimbilia makwao, na giza likashuka vile linavyoshuka mwezi wa kumi na moja, ghafla, kama pazia la duka. Nilifikiria lile koti la kijivu. Ni koti la kutokea, si la mvua.

Ndipo nilipokupigia simu. Utakumbuka. Ulinong'ona kwamba uko hotelini na wazazi wa kijana, mnachagua vyakula vya harusi, na ukaniuliza kama kuna jambo. Nikasikia mtu nyuma yako anacheka, na sahani zinagongana. Nikakuambia nilitaka tu kushukuru kwa machenza. Ukasema sawa, ukakata. Mwanamke wa umri wangu, niko chini ya mwavuli wa mashine ya soda, nimepiga simu kuomba ruhusa ya kumtafuta baba yangu, na nimeshindwa hata kuiomba.

Mama Sonoda alinikuta nimesimama palepale. Alikuwa anafunga duka, akaniuliza mbona nimelowa hivi, na yule mwigizaji wangu ameshakula? Nikamwambia haigizi. Nikamwambia ni mgonjwa tangu mwaka jana. Nikamwambia alipokuuliza nyumbani kwake ni wapi, alikuwa hajui nyumbani kwake ni wapi. Kisha akaacha mlango wa duka wazi, akanishika mkono akanikokota mpaka ukumbini, na njia nzima alikuwa akisema, "Nilimcheka, Fusae. Alinililia nikamcheka."

Nilisema mbele ya watu wote waliokuwa wakikunja viti. Mficha maradhi kilio humuumbua, nami nilikuwa nakitafuta kilio kwa miguu yangu. Asakura hakuniuliza mara mbili. Alikimbia, viatu vyake vilivyochongoka vinateleza, na muda si mrefu tukaisikia sauti yake ikitoka mlimani, ikitoka shuleni, ikitoka juu ya posta. "Haya si mazoezi. Tunamtafuta Mzee Takamure Genjiro. Ana ugonjwa wa kusahau. Amevaa kofia ya rangi ya chungwa, lakini haigizi. Narudia, haya si mazoezi." Jina la ukoo wetu liligonga kilima likarudi. Sitakudanganya kwamba sikuona aibu. Niliiona, ilinichoma shingoni kama mvuke wa pasi.

Lakini milango ikaanza kufunguka. Kinyozi alitoka na ndala na tochi. Mwenye miwani alitoka na mkewe. Kikosi cha zimamoto cha mtaa walikuja na taa zao, na wanawake wa ukumbini wakagawana vichochoro. Programu ya simu ilikuwa imeshafungwa, hakuna aliyekuwa anahesabiwa alama. Mvua ilizidi, na nilisikia jina la Baba likiitwa hata upande ambao sikujua kuna nyumba.

Mimi na Mama Sonoda tulichukua njia ya mtoni. Karibu na lango la maji, tochi yake iliangukia kitu kwenye majani, palepale pembeni mwa maji. Ilikuwa kofia. Mto ulikuwa umejaa na una sauti mbaya. Mama Sonoda alianza kumwomba Buddha kwa sauti, mimi nilishuka ukingoni kwa makalio, nimeingiza mikono kwenye maji kama ninayetafuta sahani kwenye karo. Sijui ningefanya nini kama nisingesikia mtu anakohoa.

Alikuwa ndani ya kibanda cha pampu, amekaa kwenye gunia la mchanga, amelowa mpaka kwenye soksi, anatetemeka meno yanagongana. Mama Sonoda alisimama mlangoni, akashusha tochi isimpige machoni, akanisukuma mimi nitangulie kwa mbele. Baba akanitazama usoni. Halafu akaniita jina langu. Akaniuliza kama mazoezi yamekwisha. Nikamwambia yamekwisha. Akasema, "Nimewaharibia, mwanangu. Wamesema si mazoezi."

Daktari alikuja nyumbani, mapafu ya Baba ni mazima, homa ilishuka siku ya pili. Asakura naye alikuja na boksi la keki za maharage, akapiga magoti kwenye mkeka wa barazani na hakutaka kunyanyua uso. Aliniomba nimwambie wapi mradi ulikosea. Nikamwambia aache kuwavisha watu kofia. Mtu anayepotea havai alama, na watu wakishazoea kutafuta alama hawamtazami tena mtu. Akasema mazoezi yajayo yatakuwa bila kofia, na hakuna kupata alama kwa salamu tu, mpaka mzee afikishwe mlangoni kwake. Na Mama Sonoda tangu siku hiyo anapita kila asubuhi, anadai ameleta figili zilizobaki. Figili zile hazijabaki, ni nzuri kuliko za dukani kwake.

Sasa nifikie lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia. Usiku ule, baada ya Baba kuoga maji ya moto na kukaa kwenye meza ya joto, ile yenye kipasha joto chini yake, alitulia akili ikiwa timamu kabisa, kama inavyomjia mara nyingine. Akaniambia anajua.

Anajua tangu mwaka jana. Alisema vidonge vya presha anavifahamu, Mama alivimeza miaka na miaka, na havina rangi ile. Alisema mwezi wa nane alitusikia jikoni, mimi na wewe, kila neno, pamoja na lile la Honoka. Hakusema kitu kwa sababu aliona tunahangaika sana kumficha, na hakutaka kutuharibia kazi. Mradi ulipokuja na ile kofia, akaona hapo ndipo mahali pake. Maneno yake ni haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Mtu aliyevaa ile kofia akipotea, watu wanasema anaigiza vizuri. Hakuna anayewanyooshea kidole watoto wake."

Kaka, hata hajafika hekaluni njia ilimpotea kweli. Alijua kwamba amepotea. Alimuuliza kinyozi kweli, akamuuliza Mama Sonoda kweli, na walipocheka alicheka pamoja nao, kwa sababu kofia ilikuwa inafanya kazi aliyoitakia. Angeweza kuivua akasema jamani ni kweli, nisaidieni. Hakuivua. Alitembea mpaka mtoni kwenye mvua kwa ajili ya siri yetu, mimi na wewe, akaivua pale tu aliposikia jina lake kutoka mlimani, kwa sababu haikuwa na faida tena. Kisha akaingia kibandani kujificha.

Na bado hajamaliza. Aliniomba nimwombe Asakura ile kofia ibaki kwetu mpaka mwezi wa nne. Alisema hataivaa ukumbini, atakaa nayo mfukoni. Ikitokea akamwita bibi harusi kwa jina la Mama, au akasimama pasipopaswa, nimvishe haraka niwaambie wageni kwamba babu anaigiza. Aliniuliza kama unadhani itafaa. Aliniuliza wewe unadhani nini, Kiyotaka. Nikaenda jikoni nikafungua bomba la maji asinisikie nikilia.

Kofia nimeirudisha halmashauri jana. Niliifua kwanza, nikaipiga pasi.

Jina letu limeshatangazwa mji mzima, na upepo unavuma mpaka Nagoya, kwa hiyo ni vizuri wazazi wa kijana wasikie kutoka kwako kabla ya kusikia barabarani. Utawaambiaje, wewe ndiye unayewajua. Honoka ameshaniandikia kuniuliza babu atavaa nini, maana yake anamngoja. Baba atakuja harusini kichwa wazi, koti la kijivu nimeshalikausha na kulinyoosha. Mimi nitakaa kulia kwake. Kushoto kwake hapajapata mtu.

Mpe wifi pole ya goti, na umwambie Honoka shangazi yake amemshonea mfuko wa hariri wa kushika mkononi. Mama Sonoda anakusalimu, anasema ukija usipite dukani kwake kimyakimya kama mgeni. Baba ameamka sasa hivi, nasikia anauliza kama barua imetoka kwako. Nimemwambia hapana, inakwenda kwako. Amesema basi nikusalimu, nikuambie ujifunike shingo, huko kwenu kuna upepo.

Ni mimi dada yako,

Fusae